Pokémon Waliofungwa Moyo

Michezo ya Pokémon huanza karibu kila mara kwa namna moja. Mtoto anaamka kwao, mama anamuaga, profesa anamkabidhi mnyama wake wa kwanza, safari inaanza. Pokémon Colosseum unaanza kwa mlipuko. Kijana aitwaye Wes analitoroka genge la wezi alilokuwa akilitumikia, analipua maskani yao na kuondoka na kifaa chao cha kupokonya Pokémon wa watu. Kabla hajafika mbali, anawakuta wanaume wawili na gunia, na ndani ya gunia mna msichana aliyetekwa.

Mzazi wa Mudende, Rwanda, aliyempa mwanawe simu akidhani ni mambo ya Pikachu tu ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, Marekani mchezo huu ulipewa daraja la E, yaani unafaa watu wote. Hakuna damu hata tone. Giza lake limekaa kwingine, na mzazi anayetafuta picha za kutisha hataliona.

Ulitoka Japani Novemba 2003, nchi nyingine mwaka uliofuata, kwa ajili ya mashine ya GameCube. Mashine hiyo leo huikuti dukani, kwa hiyo vijana huufikia kwa programu zinazoigiza mitambo ya zamani, au huwatazama wengine wakiucheza kwenye YouTube. Waliouunda si Game Freak, kampuni inayotengeneza mfululizo mkuu tangu 1996. Kazi walipewa Genius Sonority, studio iliyoanzishwa 2002 na Manabu Yamana, mtu aliyetoka kwenye michezo ya Dragon Quest. Ndivyo michezo ya pembeni inavyopata nafasi yake: mfululizo mkuu unabeba jina na mauzo, hauthubutu kuyumba, mchezo wa pembeni ukikosea, hasara si kubwa.

Si kwamba mfululizo mkuu hauna huzuni. Cubone huvaa fuvu la mama yake marehemu, na tangu mwanzo kuna mnara mzima wa makaburi. Lakini hayo unayapita njiani. Ukishatoka mnarani, unarudi kwenye raha ileile ya kukamata na kufuga.

Colosseum unaigusa raha yenyewe. Nchi yake, Orre, ni jangwa, na humo hukamati Pokémon wa mwituni hata mmoja. Karibu kila utakayeongeza utampata kwa kumpokonya mtu, kwa kifaa kilekile cha wezi. Unaowapokonya ni wafuasi wa kundi la Cipher na washirika wao, wanaotumia Pokémon ambao mioyo yao imefungwa kwa makusudi ili wapigane bila kusita. Wako 48. Kila mmoja wao ni Pokémon wa giza, na anaelezwa zaidi na kanuni za mchezo kuliko maneno ya wahusika. Ana mstari wa zambarau unaoonyesha jinsi moyo ulivyofungwa. Huwezi kumpa jina la utani. Hakui wala habadiliki umbo. Katikati ya pambano hupandwa na hasira asisikie amri, na hapo kazi yako ni moja: unapoteza zamu yako kumwita jina lake mpaka atulie.

Mstari ule hupungua taratibu. Unatembea naye, unapigana naye, unamkanda kwa manukato, unamwita anapopagawa. Ukikaribia kwisha, unampeleka Agate, kijiji cha wazee kilichojaa miti katikati ya ukame wote ule, penye jiwe la kale. Hapo moyo hufunguka, na ujuzi wote uliokuwa umezuiliwa humrudia kwa mkupuo. Kwa mchezaji aliyezoea kushinda kwa kupiga, hii ni adabu mpya: nguvu ya mnyama ndiyo ugonjwa wake, na tiba ni kuwa karibu naye muda mrefu.

Wakazi wa chini ya volkano ya Karisimbi, kama huko Mudende, hawahitaji jangwa la kubuni ili waelewe tiba hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Rumangabo nchini Kongo, ndani ya hifadhi ya Virunga, kipo kituo cha Senkwekwe cha sokwe wa milimani walioachwa yatima. Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili hivi, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyeuawa na watu wenye silaha. Mtunzaji wake, André Bauma, alimkumbatia kifuani ili asife kwa baridi. Ndakasi hakurudi tena msituni. Aliishi na watunzaji wake mpaka Septemba 2021, akafa mikononi mwa Bauma huyohuyo. Ukilinganisha na hilo, jiwe la Agate ni uongo mtamu: linafuta kila kitu. Ila hatua za kabla ya jiwe, zile za kutembea na kuita jina, naziona za kweli kuliko chochote katika mfululizo mkuu wa miaka ile.

Michezo mingine ya pembeni ilishika njia nyingine. Pokémon Mystery Dungeon wa 2007, ule wa wavumbuzi, unakupeleka kwenye wakati ujao ambako jua limekoma na muda umesimama, na kuurekebisha ulimwengu maana yake ni wewe mwenyewe kutoweka. Nimeona watu wazima wakiusimulia huku sauti zao zikikwama. Lakini huo ni msiba wa hadithi. Kanuni zake zimebaki za kawaida.

Ndugu wa Colosseum, Pokémon XD wa 2005, ulirudi nyuma hatua moja. Shujaa si mwizi aliyetubu tena, ni mtoto mwenye mama na mdogo wake wa kike. Pokémon wa giza wameongezeka, na sasa kuna mtambo wa kuwasafisha: unawapanga ndani, unaenda zako, unarudi kuwachukua. Ni rahisi, na kwangu mimi ndipo ladha ilipopotea.

Kisha Pokémon GO, mchezo wa simu, ukawarudisha Pokémon wa giza Julai 2019. Humo kumsafisha mmoja ni kubonyeza kitufe na kulipa vumbi la nyota na peremende kidogo. Wachezaji wazoefu wengi hawakibonyezi. Pokémon wa giza hupiga kwa nguvu zaidi kwa asilimia 20, na akishasafishwa anaipoteza nyongeza hiyo, kwa hiyo walio bora huachwa vilevile walivyo.