Majina ya Wahindi Yatokanayo na Miji na Vijiji

Katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki, mtu apitaye mbele ya maduka huona majina ya Kihindi yameandikwa juu ya milango. Tumeyazoea majina hayo kama tulivyozoea milango yenyewe, wala ni wachache wetu waulizao maana yake. Walakini hapana jina lisilokuwa na asili. Majina mengine ya Wahindi yametokana na kazi au cheo: Patel, kwa mfano, asili yake ni mkuu wa kijiji, na Mehta ni mwandishi wa hesabu. Mengine yametokana na mababu. Lakini yako ya namna nyingine tena, nayo ni yale yaliyotokana na mahali: mji, kijiji, hata ukingo wa mfereji. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

Kwanza hatuna budi kufahamu jambo moja ambalo ni ufunguo wa habari yote. Mtu akiwa kwao haitwi kwa jina la kwao. Kijijini Makunduchi hapana haja ya kumwita mtu Mmakunduchi, kwa kuwa wote pale ni Wamakunduchi. Akihamia Mjini Unguja, hapo ndipo majirani humwita hivyo, wapate kumtofautisha na wengine. Bara Hindi ni vivyo hivyo. Jina la mahali halizaliwi pale mahali penyewe. Huzaliwa ugenini, vinywani mwa watu wa kule alikohamia mtu. Kwa hiyo jina la namna hii halituambii mwenyewe anakaa wapi, wala pengine alizaliwa wapi. Latuambia njia waliyoishika wazee wake.

Tuanze na Wamarathi, watu wa upande wa magharibi, katika nchi iliyo nyuma ya mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai. Hao huchukua jina la kijiji, wakalitia mwishoni silabi moja, -kar, yaani mtu wa mahali fulani. Katika wilaya ya Pune kiko kijiji kiitwacho Hol. Alitoka huko mtu wa kabila la wachungaji, jina lake Malhar Rao, aliyezaliwa mwaka 1693. Akaingia katika jeshi la Wamarathi, akapanda cheo hata akawa jemadari, kisha akapewa kutawala nchi ya Indore, iliyo mbali sana upande wa kaskazini. Yeye na uzao wake wakajulikana kwa jina la Holkar. Mkwewe, Malkia Ahilyabai Holkar, alitawala tangu mwaka 1767 mpaka 1795, na mpaka leo hutajwa kwa wema wake, kwa visima, mahekalu na nyumba za wasafiri alizojenga. Hivyo kijiji kidogo cha wachungaji kikawa jina la ukoo wa wafalme.

Katika mji huo huo wa Indore alizaliwa, tarehe 28 Septemba 1929, Bibi Lata Mangeshkar, mwimbaji ambaye sauti yake ilisikika katika filamu za Kihindi kwa miaka zaidi ya sitini. Lakini jina lake si la Indore. Babu yake alikuwa kuhani wa hekalu la Mangeshi, katika nchi ya Goa. Baba yake, Deenanath, aliyekuwa mwimbaji na mchezaji wa tamthilia, hakutumia jina la zamani la ukoo, bali alijiita Mangeshkar, mtu wa Mangeshi, ili asili yake isisahauliwe. Bibi Lata alifariki tarehe 6 Februari 2022, mwenye umri wa miaka 92, na kijiji hicho kimetajwa kila mahali lilikotajwa jina lake.

Si mbali na Indore upo mji wa askari uitwao Mhow. Huko, tarehe 14 Aprili 1891, alizaliwa mtoto ambaye habari ya jina lake yapasa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Baba yake, Ramji Sakpal, alikuwa askari mwenye cheo cha subedari. Asili yao ilikuwa kijiji cha Ambadawe katika wilaya ya Ratnagiri. Nao walikuwa watu wa tabaka la Mahar, ambao kwa desturi za zamani walihesabiwa kuwa najisi, hata kuguswa nao kulikuwa haramu kwa wengine. Mtoto huyo alipokuwa shuleni hakuketi pamoja na wenzake. Aliketi peke yake juu ya gunia alilolichukua kutoka nyumbani. Akiona kiu hakuruhusiwa kushika bomba la maji. Sharti tarishi wa shule amfungulie. Siku ambayo tarishi hayupo, hapana maji.

Baba yake alimwandikisha shuleni kwa jina la kijiji, Ambadawekar, na baadaye jina likawa Ambedkar. Masimulizi mashuhuri yasema kwamba mwalimu mmoja wa tabaka la juu la Wabrahmani, aliyempenda mtoto yule, ndiye aliyelibadili likafanana na jina lake mwenyewe. Katika nchi ile, majina mengi yakisikiwa tu humjulisha msikilizaji tabaka la mwenye jina, na kama ataruhusiwa kuingia mlangoni au atasimama nje. Lakini jina la kijiji halifungui siri hiyo kwa urahisi, maana kuhani na mfagizi wakitoka kijiji kimoja, wote wawili huweza kuitwa kwa jina lile lile.

Je, jina lilitosha kumkinga? Halikutosha. Dr. Ambedkar alisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na huko London, akarudi kwao akiwa miongoni mwa watu wenye elimu kubwa katika nchi. Mwaka 1917 alikwenda mji wa Baroda kufanya kazi ya serikali, akakosa mahali pa kulala, kwa kuwa hapana aliyetaka kumpokea. Akaenda katika nyumba ya wageni ya Waparsi, akajiandikisha kwa jina la Kiparsi. Siku ya kumi na moja kundi la watu wenye fimbo walikuja kumtoa, kwa kuwa walimjua ni nani. Mambo haya ameyaandika yeye mwenyewe. Basi akafahamu kwamba dawa si kubadili jina, bali kubadili sheria na mioyo ya watu. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri iliyoandika Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha 17 chafuta kabisa desturi ya kumhesabu mtu kuwa hagusiki. Leo jina la kijiji cha Ambadawe limeandikwa juu ya vyuo, barabara na sanamu nyingi katika India.

Sasa twende kaskazini ya Bombay, katika nchi ya Gujarat, walikotoka wengi wa Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Huko miji ya pwani imezaa majina mengi: mtu wa Surat ni Surti, wa Bharuch ni Bharucha, wa Bilimora ni Bilimoria. Majina ya Bharucha na Bilimoria ni mashuhuri sana miongoni mwa Waparsi, ambao wazee wao walihama Uajemi zaidi ya miaka elfu iliyopita wakiifuata dini ya Zarathustra, wakakaa katika pwani hiyo ya Gujarat.

Jina moja la namna hii latuhusu sisi hasa. Katika pwani ile upo mji wa Bulsar, na mtu wake huitwa Bulsara. Waparsi wa ukoo huo walifika Unguja, na huko, tarehe 5 Septemba 1946, alizaliwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mshika fedha katika kazi ya serikali. Mtoto alipelekwa kusoma Bara Hindi, akarudi Unguja, na mwaka 1964 jamaa yote ikahamia Uingereza. Huko kijana akawa mwimbaji, akajiita Freddie Mercury, na kwa jina hilo dunia yote ikamjua mpaka alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Mji wa Bulsar nao siku hizi huitwa Valsad. Tazama basi ajabu hii: mji umeliacha jina lake la zamani, na mwana wake aliye mashuhuri kuliko wote aliliacha pia, lakini jina lenyewe halikufa, kwa kuwa jamaa wengine wanaendelea kuitwa Bulsara.

Wagujarati wana njia nyingine, nayo ni kuongeza neno wala, yaani mwenye jambo fulani au mtu wa mahali fulani. Hapa msomaji na awe na hadhari. Si kila jina lenye wala ni la mji: Lokhandwala ni mtu wa chuma, na Daruwala ni mtu wa pombe, hayo ni majina ya biashara. Lakini Poonawalla ni mtu wa Poona, mji ambao sasa huandikwa Pune. Bwana Cyrus Poonawalla alianzisha katika mji huo, mwaka 1966, kiwanda cha chanjo kiitwacho Serum Institute of India. Mwezi wa Machi 2021, Kenya ilipopokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya ugonjwa wa Korona, chanjo hizo zilitengenezwa katika kiwanda hicho.

Liko na jina la Adenwalla. Aden si mji wa Bara Hindi. Ni bandari ya Arabuni. Lakini katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Kiparsi, Cowasjee Dinshaw, alistawi sana huko, na jamaa zake wakajulikana kwa jina hilo. Hapa jina halionyeshi walikotoka wazee, bali walikokwenda kutafuta riziki wakaipata. Hata hivyo kanuni yetu ya kwanza yasimama, maana huko Aden kwenyewe jina la mtu wa Aden halimtofautishi mtu na mwingine.

Miongoni mwa Waislamu wa kaskazini, jina la mahali huundwa kwa namna ya Kiarabu, kama wasomaji wetu wanavyojua kwamba Imamu Bukhari aliitwa hivyo kwa mji wa Bukhara. Mshairi Sahir Ludhianvi, aliyeishi tangu mwaka 1921 mpaka 1980, alijiita kwa mji wake wa Ludhiana, naye ndiye aliyetunga nyingi katika nyimbo zilizoimbwa na Bibi Lata. Katika nchi ya Punjab, ambako wanaume wa Kisingasinga kwa desturi huitwa Singh, wengine huongeza jina la kijiji bila kulibadili hata kidogo. Parkash Singh Badal, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo hilo mara tano, alichukua jina la kijiji cha Badal. Na Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, ameandika kwamba wazee wake walitoka Kashmir wakapewa nyumba kando ya mfereji katika mji wa Delhi. Mfereji kwa lugha yao ni nahar, na kwa hiyo wakaitwa Nehru.

Huko kusini desturi yageuka, maana jina la mahali hutangulia. Dr. Sarvepalli Radhakrishnan, Rais wa India tangu mwaka 1962 mpaka 1967, alizaliwa Tiruttani, lakini jina lake la kwanza ni la kijiji cha Sarvepalli, asili ya ukoo wake. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 5 Septemba, ndiyo Siku ya Walimu katika India. Watamil nao hulifupisha jina la mahali likawa herufi moja tu. Bibi M. S. Subbulakshmi, mwimbaji aliyeimba mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1966, herufi yake ya kwanza ni ya mji wa Madurai, na ya pili ni ya jina la mama yake. Karani asiyeijua desturi hiyo huitafuta ile iitwayo jina la ukoo asiione, kumbe mji mzima umejificha katika herufi moja.

Basi tukusanye maneno yetu. Jina la mahali ni ushuhuda wa safari, lakini ni ushuhuda wa mambo machache. Holkar, Mangeshkar na Ambedkar yote yamekutana karibu na Indore, wala hapana hata moja lililozaliwa na Indore. Tena lisifanywe mizani ya kumpimia mtu. Mtu aitwaye kwa mji wa Pune aweza kuwa Mparsi, au Mwislamu, au Mhindu. Aweza kuwa tajiri au mchukuzi. Na mji wenyewe huenda umebadili jina, ukabaki katika jina la mtu tu, kama Bulsar.

Mwanafunzi atakaye kujua zaidi na amwulize jirani yake Mhindi, kwa adabu, asili ya jina lake. Asimwulize tabaka lake, maana swali hilo limewaliza wengi, amwulize kijiji. Wazee wengi hufurahi kuulizwa hivyo, na huenda jibu likawa kijiji ambacho mwenyewe hajapata kukiona kwa macho yake.