Kifafa: Ugonjwa wa Ubongo Tunaouficha Hata Huku Ughaibuni

Leo katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona mitaani kwetu tangu utotoni, lakini ukitajwa watu hushusha sauti. Ugonjwa huo ni kifafa.

Tulipohama tulibeba mengi kutoka nyumbani, na mojawapo ni aibu ya ugonjwa huu. Wapo wanaomeza dawa kwa kujificha, mwenzi wa chumba hajui, mchumba hajui, hata mwajiri hajui. Usiri huo una gharama yake. Siku mtu akianguka, hakuna anayejua la kufanya. Na mwingine huacha dawa kwa kuogopa kuonekana, jambo linaloweza kumpotezea maisha.

Je, kifafa ni nini hasa?

Ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja ndio mfumo mkuu wa fahamu. Humo zimo chembe za neva zinazopelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Kila ukitembea, ukiongea au ukikumbuka jambo, umeme huo umepita kwa mpangilio wake. Kwa mwenye kifafa, mara moja moja kundi la chembe hizo hufyatua umeme kwa pamoja na kwa fujo. Fujo hiyo ikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka, na anaweza kutoka povu au kujikojolea.

Lakini si kila kifafa ni kuanguka. Mtoto anaweza kukodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea kama kawaida, na mwalimu akadhani ni mtoro wa mawazo. Mtu mzima anaweza kutafunatafuna midomo, kuvutavuta nguo bila kujitambua, au kusikia harufu ambayo wengine hawaisikii.

Vilevile si kila anayetetemeka ana kifafa. Sukari ikishuka sana, homa kali kwa mtoto mdogo (degedege), malaria, au mlevi kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Kwa kawaida daktari hutaja kifafa ikiwa umepata mishtuko miwili isiyo na sababu kama hizo, ikipishana kwa zaidi ya saa 24, au mmoja tu pamoja na dalili kwamba utarudi.

Kinatokana na nini?

Si jini, si kurogwa, wala si laana ya ukoo. Pia hakiambukizi. Lile povu ni mate tu, na ukimgusa mgonjwa hupati chochote.

Sababu zinazojulikana ni kama mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, uvimbe katika ubongo, na wakati mwingine kurithi. Kwa wagonjwa wengi sababu haipatikani kabisa.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna mambo mawili ya kumwambia daktari wa huku, maana anaweza asiyafikirie. La kwanza ni tegu wa nguruwe. Mayai yake yakiingia mwilini, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo. Usiseme "mimi sili nguruwe, hainihusu." Mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, na hukufikia kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa vizuri. La pili ni ugonjwa wa usubi. Huko Mahenge, Tanzania, ambako Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, kifafa kimekuwa kingi kuliko kawaida, na watafiti wamekihusisha na minyoo ya usubi. Kwa hiyo mweleze daktari ulikokulia, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Mtu akianguka mbele yako

Fanya haya:
- Tazama saa. Dakika moja huonekana kama kumi ukiwa na hofu.
- Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, umwekee kitu laini chini ya kichwa, na ulegeze tai, ushungi au kola.
- Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.
- Kaa naye mpaka fahamu zirudi. Anaweza kuwa amechanganyikiwa, mwongeleshe kwa upole.

Usifanye haya:
- Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, ila wewe unaweza kumvunja meno.
- Usimkandamize kwa nguvu.
- Usimpe maji wala dawa ya kumeza kabla hajazinduka.
- Usimnusishe kiatu wala kitunguu. Mtetemeko huisha wenyewe, kiatu hupata sifa ya bure.

Piga simu ya dharura (Uingereza 999, Marekani 911, Oman 9999) ikiwa mtetemeko unapita dakika 5, unarudi kabla hajazinduka, hapumui vizuri, ameumia, ni mjamzito, ametetemekea ndani ya maji, au ni mara yake ya kwanza.

Dawa zipo na zinafanya kazi

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata tiba sahihi. Dawa humezwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukiacha ghafla, mishtuko inaweza kurudi kwa nguvu na kufululiza, na hiyo ni hatari kubwa. Kukosa usingizi nako huchochea, kwa hiyo wale mnaobeba zamu mbili za usiku, zungumzeni na daktari. Ukitaka kufunga Ramadhani, muulize kabla ya mwezi kuandama, kwani baadhi ya dawa zinaweza kupangwa upya na nyingine haziwezekani.

Kina mama: dawa ya valproate ikitumika wakati wa mimba humdhuru takriban mtoto 1 kati ya 10 kwa kasoro za kuzaliwa, na inaweza kuathiri akili na ukuaji. Usiiache mwenyewe. Mwone daktari kabla ya kubeba mimba akubadilishie. Jua pia kwamba dawa fulani za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Gari, kazi na safari

Uingereza ni lazima uwaarifu DVLA, na kwa kawaida huendeshi gari dogo mpaka umemaliza miezi 12 bila mshtuko. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Najua gari ndiyo riziki ya wengi wetu, lakini ukipata mshtuko ukiwa kwenye usukani hufi peke yako.

Kuhusu kazi, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 huko Uingereza na sheria ya walemavu ya mwaka 1990 huko Marekani zinaweza kukulinda usibaguliwe. Uingereza pia, mwenye kifafa anayetumia dawa kila siku anaweza kupata cheti cha kutolipia dawa.

Ukisafiri, weka dawa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Nchi za Ghuba zina masharti makali kwa baadhi ya dawa, kwa mfano phenobarbital na clonazepam, hivyo ulizia kabla ya kupanda ndege.

Mwisho, ukienda hospitali omba mkalimani. Uingereza hulipii huduma hiyo, na usimtumie mtoto wako kutafsiri. Nenda na mtu aliyeona ulivyoanguka, au video ya simu, kwa sababu wewe mwenyewe hukuona. Na leo hii, mweleze mtu mmoja unayeishi naye kwamba una kifafa, na umsomee ile orodha ya hapo juu.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako.