Uso wa Mraba Mbele ya Kinyozi: Jicho Hupimaje?

Kwenye barabara inayotoka Embu ikapita Runyenjes na Chuka hadi Makutano mjini Meru, ni nadra kukosa kinyozi penye soko. Ukutani hubandikwa bango la vichwa vya wanaume, kila kimoja na nambari yake. Mteja hutaja nambari, mashine ikaanza kunguruma. Bango huonyesha nywele, lakini halisemi lolote kuhusu mifupa iliyo chini yake. Ndiyo maana vijana wawili wanaweza kunyolewa mtindo mmoja, na mkono mmoja, mmoja akatoka amependeza na mwenzake akatoka taya limemtokeza kuliko alivyoingia nalo. Makala haya yanamhusu huyo wa pili, mwenye uso wa mraba.

Mraba hutoka wapi?

Simama mbele ya kioo ukiwa na rula, upime mambo manne: upana wa paji, upana wa uso penye mifupa ya mashavu, upana wa taya kutoka kona hadi kona, na urefu kuanzia nywele zinapoota hadi kidevuni. Ikiwa vile vipimo vitatu vya upana vinakaribiana, urefu umevizidi kidogo tu, na kona za taya zinaonekana wazi chini ya masikio, uso wako ni wa mraba.

Kona hizo ni za mfupa wa taya la chini, unaoshuka kutoka karibu na sikio kisha ukapinda kuelekea kidevuni. Kwa watu wazima wengi, pembe ya mpindo huo huwa kati ya nyuzi 120 na 130. Kadiri inavyopungua, ndivyo taya linavyokuwa la mraba. Umbo hilo hurithiwa, na homoni ya testosteroni hulikuza taya mvulana anapobalehe. Juu ya mfupa umelala msuli wa kutafunia, nao hunenepa kwa kazi kama msuli mwingine wowote. Kusaga meno usingizini kwa miaka mingi, au kutafuna kwa saa nyingi kila siku, kunaweza kuongeza upana. Katika kaunti zinazolima miraa kule Igembe na muguka kule Mbeere, hilo si jambo la mbali. Anayetafunia upande mmoja tu anaweza hata kupata uso usiolingana kushoto na kulia.

Hesabu ya urefu na upana

Mashine ya kinyozi haigusi mfupa. Inachobadilisha ni hesabu ya jicho, kwa kuwa jicho huusoma uso pamoja na nywele zilizouzunguka. Tuchukue mfano wa uso wenye upana wa sentimita 14 na urefu wa sentimita 17. Urefu ni mara 1.2 ya upana. Ukiacha sentimita 3 za nywele juu na kupunguza kabisa pembeni, uwiano hupanda hadi 1.4, na jicho huona uso mrefu kidogo. Lakini ukiacha pembeni nako sentimita moja kila upande, upana unakuwa 16, uwiano unarudi 1.25, na karibu faida yote imepotea. Siri basi si nywele nyingi wala chache. Ni tofauti kati ya juu na pembeni. Maumbile nayo yanasaidia: tangu karne ya 19 wanasayansi wamejua kwamba mstari wima huonekana mrefu kuliko wa mlalo unaolingana nao.

Hapa mwenye nywele za kipilipili ana bahati. Ushauri mwingi wa mitindo uliandikwa kwa ajili ya nywele zilizonyooka, ambazo hulala na kuhitaji mafuta mazito ili zisimame. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye shina lililopinda, nao wenyewe si wa duara bali umebanwa kidogo. Kwa hiyo hujikunja, ukashikana na jirani zake, zote zikasimama bila kusaidiwa. Gharama yake ni subira. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 vilionyesha kuwa nywele za Waafrika hukua kwa takriban robo milimita kwa siku, karibu milimita 8 kwa mwezi. Anayeanzia kipara atangoja karibu miezi minne kupata sentimita 3 za unywele ulionyooshwa, na zaidi ukiwa umejikunja.

Kona zisizohitajika

Mwaka 1865 mwanafizikia Ernst Mach alieleza jinsi jicho linavyotia chumvi penye mpaka wa giza na mwanga: upande wa giza huonekana mweusi zaidi, na wa mwanga mweupe zaidi. Chembe za jicho zinazopokea mwanga mwingi huzizima kidogo zile za jirani, na hivyo mpaka hukolea.

Kinyozi anapochora mstari mnyoofu kwenye paji na kuukata wima karibu na masikio, anatengeneza mpaka wa aina hiyo. Mwenye uso wa yai hupata kona mbili zinazompendeza. Mwenye uso wa mraba, aliyekwisha kuwa na kona mbili chini, sasa anazo nne. Mwombe kinyozi aviringishe kidogo kona za paji, na pembeni akunyoe fedi, yaani nywele zipungue hatua kwa hatua kuelekea sikioni, pasiwe na mpaka wa ghafla. Ndevu zifuate kanuni ileile: fupi kwenye kona za taya, ndefu kidogo kidevuni. Anayetaka taya lake lionekane wazi afanye kinyume: juu pawe bapa, mstari wa paji uwe mnyoofu.

Jua nalo lina sehemu yake. Barabara ya Embu hadi Meru huvuka ikweta, na hapa jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 kutoka upeo wa macho mwaka mzima. Mwanga wa juu hutupa kivuli chini ya taya na kuzichora kona zake. Taa za kinyozi zinazomulika usoni hufuta vivuli hivyo. Kabla ya kulipa, toka nje na kioo cha mkono, ujitazame kwenye mwanga utakaotembea nao.

Ngozi kwanza

Mtindo wowote haufai ukiumiza ngozi. Unywele wa kipilipili ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake inaweza kupinda na kuchoma ndani, na hapo huja vipele vya kidevuni. Kisogoni, kunyoa hadi chini mara kwa mara kunaweza kuchochea vipele sugu vinavyoacha makovu magumu. Acha angalau milimita moja, na usikubali mstari wa paji usukumwe nyuma kila ziara. Mashine isiyosafishwa inaweza kusambaza mapunye, kwa hiyo dai isafishwe kwa dawa mbele yako kabla haijagusa kichwa.

Mwisho, uso wa mraba si kasoro, wala hautabiri tabia. Utafiti wa Michal Kosinski, uliochapishwa mwaka 2017 ukihusisha zaidi ya watu 137,000, haukupata uhusiano wa maana kati ya upana wa uso na tabia ambazo watu walijieleza kuwa nazo. Kilichobaki ni ufundi, na ufundi hufundishika. Vyuo vya ufundi vya Meru na Embu vinavyofundisha ususi na unyozi viweke somo la kupima uso na kusafisha vifaa kabla ya somo la mitindo. Nawe msomaji, jua vipimo vyako vinne kabla hujaketi kwenye kiti.