Mtungi wa Gesi Unapovuja

Ndugu wakazi wa Busia na Malaba, upande wa Uganda, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: haipandi darini, bali hutanda sakafuni ikingoja cheche. Mnusapo harufu yake, msiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Fungeni vali ya mtungi, fungueni milango, tokeni na watoto. Mkiwa mbali, pigeni 999 au 112.

Regyuleta iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka huenda isikae sawasawa. Ipakeni povu la sabuni. Viputo vikichomoza, inavuja. Kiberiti kamwe si kipimo.

Wala msisite kutuita kwa kuwa mtungi ulipitia njia za panya. Kikosi chetu cha zimamoto huja kuzuia moto, si kukagua risiti.