Chama Chetu Kinunue Lori, au Kiendelee Kukodi?

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Novemba, mahindi yakiisha kupukuchuliwa, wakulima wa skimu za Trans Nzoia na Lugari huwa na lalamiko moja. Wenye malori wamepandisha bei. Lori lililokuwa likitafuta mzigo mwezi wa Juni, sasa mwenyewe hutaja bei yake na kutazama pembeni. Usipokubali huenda kwa jirani. Hapo ndipo katika mkutano wa chama mtu husimama na kusema, "Bwana Mwenyekiti, mbona tusinunue lori letu wenyewe?" Mimi karani nimeandika kumbukumbu za mikutano kadhaa ya namna hiyo, na kila mara makofi yalipigwa kabla ya mtu yeyote kutoa kalamu apige hesabu.

Bei ya uchukuzi ni bei ya soko, kama ya mahindi yenyewe. Mizigo ikiwa mingi na malori machache, hupanda. Mizigo ikipungua, hushuka. Lakini lori hukaa miaka mingi, na deni lake vilevile. Kwa hiyo mtu anayenunua lori kwa sababu ya bei ya Novemba amenunua kitu cha miaka kumi kwa kutazama miezi mitatu.

Jambo hili limewapata hata watu wenye uzoefu mkubwa kuliko sisi. Huko Marekani, katika mwaka wa 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, watu waliokaa nyumbani waliagiza bidhaa nyingi na bei ya uchukuzi ikapanda sana. Madereva wengi wakaacha kazi za kuajiriwa ili wawe na malori yao. Viwanda vilikosa vipuri vya elektroniki, malori mapya yakawa haba, na yaliyokwisha tumika yakauzwa kwa bei ya ajabu. Mwaka wa 2022 bei ya mizigo ikashuka, na dizeli ikapanda mwaka huohuo. Makampuni madogo mengi yakafunga kazi. Lori lilikuwa lilelile, na barabara zilezile. Kosa lilikuwa siku ya kununua.

Hapa Kenya tuliona jambo la namna nyingine. Treni za mizigo za reli mpya zilianza kazi Januari 2018. Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya kutoka ng'ambo inayokwenda Nairobi na bara ichukuliwe kwa treni. Watu wa Mombasa waliandamana, na Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Lakini mwenye treela la mkopo, lililonunuliwa kwa ajili ya mzigo huo mmoja, alipaswa kulipa benki kila mwezi wa katikati. Benki haiandamani.

Sasa tutoe kalamu. Tarakimu hizi ni za mfano tu; kila chama kiweke zake. Tuseme lori la tani 10, linalochukua magunia 111 ya kilo 90. Malipo ya mkopo ni shilingi 150,000 kwa mwezi, dereva na utingo 50,000, bima na ukaguzi na mengineyo 30,000. Jumla 230,000, hata kama lori limelala uani. Kutoka Kitale hadi Nairobi na kurudi ni kilomita 760 hivi. Likienda kilomita 4 kwa lita, ni lita 190. Na dizeli ikiwa shilingi 180, ni 34,200. Ongeza matairi, mafuta ya injini na gharama za njiani 10,800. Safari moja ni 45,000.

Wakati wa mavuno safari italipwa, tuseme, 75,000. Inabaki 30,000. Ili kufikisha 230,000 yatakiwa safari 8 kila mwezi. Hilo laweza kufanyika katika Novemba, Desemba na Januari. Lakini mwezi wa Mei, bei ikiwa 55,000 na safari zikiwa 3 tu, inabaki 30,000 kwa mwezi mzima, na chama kinatafuta 200,000 mifukoni mwa wanachama. Faida ya miezi mitatu ya mavuno haifiki hata kulipa hasara ya miezi miwili ya namna hiyo. Kitakachookoa lori ni mzigo wa kurudi, kama mbolea au saruji. Mwenye kuleta hoja ya lori aulizwe kwanza: litarudi na nini?

Na tena, wako wanaorudi watupu sasa hivi. Katika barabara kuu ya kutoka Malaba kupitia Webuye, Turbo na Eldoret, mizigo inayopanda kutoka Mombasa ni mingi kuliko inayoshuka. Treela nyingi hushuka bila mzigo, na mwenye treela tupu hukubali bei ambayo mwenye lori la kijijini angeikataa. Treela lenye tani 28 huchukua magunia 311. Mkulima mmoja hana magunia hayo, lakini wakulima kumi wanayo, wakiyakusanya katika ghala moja karibu na lami, kwa maana treela halitaingia katika njia zetu za skimu. Uliza pia kama lina kontena tupu la kurudishwa bandarini, hilo halikufai. Tafuta lenye bodi wazi na turubai nzima. Mahindi yakiwa makavu na ghala likiwa zuri, mzigo waweza kungoja hadi Februari, malori yanapokosa kazi.

Ikiwa chama kimepiga hesabu na bado chataka kununua, kinunue mwezi wa Mei au Juni, wauzaji wakiwa na haja. Kisichague kubwa kwa fahari. Lori la ekseli mbili haliruhusiwi kupita tani 18 pamoja na mzigo wake, na la ekseli tatu tani 26. Mizani ya Gilgil haisikilizi maelezo. Kipuri kiwe kinapatikana Eldoret au Kitale, si cha kuagizwa. Kitabu cha umiliki kiandikwe jina la chama, si la mweka hazina, hata akiwa mtu mwema. Fedha za matairi zitengwe kila safari tangu siku ya kwanza, kwa sababu tairi hupasuka mwezi wa Mei pia.