Kamera ya Bei Nafuu na Ngoma ya Isukuti

Malava ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, katika nchi ya Wakabras, penye msitu na mashamba ya miwa. Kwetu sisi wa pwani ni mbali, walakini mtu atakaye kunasa ngoma za huko kwa kamera ya video hukutwa na yale yale yamkutayo mwenziwe katika maulidi ya Lamu: fedha chache, vishindo vingi, na kompyuta kuukuu ya kukatia na kuungia picha.

Kwanza ataonyeshwa kamera ya mtumba itumiayo kanda ndogo za MiniDV, aina iliyotoka mwaka 1995. Picha zake ni safi, na saa moja haizidi sana gigabaiti 13. Lakini kanda hizo huingia katika kompyuta kwa waya wa FireWire, na kompyuta za sasa hazina tena tundu lake. Isitoshe, kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa nzima. Zile za visahani vya DVD simshauri mtu kabisa: kisahani huchukua kama nusu saa tu, na picha zimebanwa ili zitazamwe, si ili zikatwe.

Atafute ya kadi. Mtindo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, huandika picha kama faili. Kadi huchomolewa hapa ikachomekwa pale. Ila picha nyingi humo haziandikwi nzima, huandikwa tofauti yake na jirani yake tu, basi kompyuta dhaifu hutweta. Dawa ni kutengeneza nakala nyepesi, ukate kwa hizo, kisha programu irejee kwenye asili. Shotcut, itolewayo bure, yaiweza kazi hiyo.

Sasa sauti, na hapa ndipo penye maneno. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, walio kusini ya Malava, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zihitajizo kulindwa kwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Kamera ijipimiayo sauti yenyewe hushusha kila ngoma ipigwapo, na maneno ya mwimbaji yakazama. Sauti ikipasuka, hakuna kompyuta itakayoiunga. Dufu zetu nazo huharibiwa vivyo hivyo, na nani atamrudisha mzee aimbe tena?

Kwa hiyo mimi ningechagua kamera ya zamani yenye tundu la maikrofoni na kipimo cha sauti cha mkono, kuliko mpya ijisifuyo kuvuta picha mara mia. Mvuto wa kweli ni wa lenzi. Ule mwingine ni kukuza madoa. Simu je? Yafaa, ila nyingi hubadili mwendo wa picha, na katika kukata utaona midomo imeachana na maneno.

Nenda dukani na kadi yako na kompyuta yako. Piga picha ya mtu apigaye makofi kwa nguvu, uifungue hapo hapo kabla hujatoa fedha. Betri nayo uiulizie, maana ya mtumba aghalabu imechoka.