Nyota, Sifuri Sifuri, Reli

Msimu wa korosho ukichanganya, minada ya chama cha ushirika cha RUNALI ikapita na malipo yakaanza kuingia benki, Ruangwa na Nachingwea hupigwa namba ambazo hakuna mtu wa kuzipokea. Mwenye akaunti NMB hupiga *150*66#, wa CRDB *150*03#, na wa M-Pesa *150*00#. Mkulima wa Chunyu, Ruangwa, mwenye kiswaswadu akishabonyeza reli, ile #, na kupiga, anafanya alichokuwa akifanya fundi wa kompyuta mbele ya skrini nyeusi tangu enzi za Unix: anaandika amri, anasubiri jibu la maandishi, anaandika nyingine.

Wabunifu wa kompyuta walishaamua zamani kwamba picha ni rahisi kuliko amri. Xerox waliunda Alto mwaka 1973, yenye madirisha na kipanya. Mwaka 1984 Macintosh ikapeleka jambo hilo kwa watu wa kawaida. Hoja yao ilikuwa na nguvu: kukitambua kitu ukikiona ni kazi nyepesi kuliko kukikumbuka bila kukiona. Hata hivyo M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuja na nyota na reli, na hadi leo wapo wengi wenye simu janja na programu ya benki ndani yake ambao bado wanapiga kodi hizo za namba. Wauza simu huliita hilo ushamba. Mimi naliona ni hesabu.

Sehemu ya hesabu hiyo ni mtandao. Kodi hizi husafiri kwa njia inayoitwa USSD, kwenye mkondo uleule ambao simu na mnara hutumia kupeana taarifa kabla ya simu kuita. Haihitaji bando, na mnara wa 2G unatosha. Tofauti na SMS, ambayo huhifadhiwa na kusubiri, USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo. Ukurasa mmoja hubeba baiti 160, yaani herufi 182 zikifungashwa kwa biti saba saba. Ndiyo maana menyu zake ni fupi hivyo: hakuna pa kuweka maneno ya ziada.

Sehemu nyingine imo kichwani. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha vipimo vya muda ambao mtu hutumia mbele ya kompyuta. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mtu asiye mchapaji wa kazi, ni sekunde 0.28. Kupeleka kipanya kwenye alama ni sekunde 1.1. Kujiuliza "sasa nifanye nini?" ni 1.35, karibu sawa na kubonyeza vitufe vitano. Simu si kompyuta ya mwaka 1980, lakini fundisho linabaki: kinachochelewesha si vidole, ni kuwaza. *150*00# ni vitufe vinane, na aliyeizoea haisomi tena. Moja, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Vidole vinakwenda huku mdomo ukipatana bei ya mbaazi.

Uzoefu huo ndio unaomponza pia. Huduma ikihamishwa kutoka namba nne kwenda sita, kidole hakina habari. Kinabonyeza nne ileile na kuangukia kwenye bili ya mtu. Mgeni naye hasaidiki sana, kwa sababu lazima asome kila ukurasa huku saa ya mtandao ikihesabu, na akichelewa mazungumzo yanakatika arudie kuanzia nyota ya kwanza. Programu humsubiri. Huweka majina ya aliowatumia jana, huonyesha taarifa ya miezi iliyopita, na kurudi nyuma ni kugusa mshale tu. Kwa mtu anayelipa karo mara moja kwa muhula, picha inashinda bila ubishi. Kwa wakala anayehudumia foleni kutwa nzima, mambo ni mengine.

Kuna kasoro moja ambayo hata mpenzi wa kodi hawezi kuitetea. Kwenye simu janja nyingi, ukiingiza namba ya siri kwa USSD tarakimu zinaonekana wazi kabisa, wakati programu huzificha kwa vidoti. Kwa hiyo nikiwa na mtu nyuma yangu, afadhali ninunue bando nitumie programu.